Mzigo wa Maneno ya Marehemu

Mtu mmoja anaposimama jukwaani na kughani mashairi ya mtunzi aliyekwisha kufa, nani anayajibia maneno hayo? Wengi watasema ni mtunzi. Msanii ni tarishi tu, ameleta barua ambayo hakuiandika. Jibu hilo linapendwa kwa kuwa halimgusi mtu: marehemu haulizwi, na aliye hai hana la kuulizwa. Mimi naliona ni la kukwepa, na pa kulipimia ni Tarime na Serengeti, ambako mpiga litungu amekuwa akishika hadhira peke yake tangu zamani, bila jukwaa wala tiketi.

Litungu lina nyuzi nane na sauti nzito. Mpigaji huketi, huimba sifa za koo, za ng'ombe na za watu, nyingine zikiwa za waliozikwa zamani, na katikati ya wimbo huongea: humtaja aliye mbele yake, humsifu huyu, humkemea yule. Kwa namna hiyo maneno ya kale hayafiki kwa wasikilizaji kabla hayajapita kwenye dhamiri ya anayeyaimba. Sasa tuchukue sifa za shujaa aliyerudi na ng'ombe wa jirani. Zikiimbwa leo mbele ya vijana wa eneo ambalo wizi wa mifugo na mapigano ya koo vimelipa mkoa wake wa kipolisi, Tarime na Rorya, haziwi tena kumbukumbu tu. Zinachochea au zinaonya, kulingana na anayeziimba. Nyimbo za msimu wa tohara ni vivyo hivyo, na hapo jambo ni zito zaidi. Sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini wasichana bado wamelazimika kukimbilia kituo cha Masanga au Nyumba Salama ya Mugumu. Wimbo wa kumtukuza aliyekatwa ukiimbwa na umati, kila mmoja hujitetea kwamba aliitikia tu. Anayeuimba peke yake hana utetezi huo, hata kama ulitungwa na babu wa babu yake.

Dini zimelijua jambo hili mapema kuliko wasanii. Katika makanisa ya Kikatoliki ya Tarime na Mugumu, mtu mmoja husimama kila Jumapili kuimba wimbo wa katikati, yaani zaburi, mashairi yanayohusishwa na Daudi, nasi hatumwiti mwigizaji. Kama kinywa kingekuwa mfereji tu, Kanisa lisingekuwa na sababu ya kuziacha nje zaburi nzima za 58, 83 na 109 katika Liturujia ya Vipindi iliyotolewa 1971. Ziliachwa kwa ajili ya laana zilizomo. Kwangu hilo lamaanisha kwamba anayezisali kwa sauti yake analaani kweli, si kwamba anamnukuu mfalme wa kale. Nayo Kurani, mwishoni mwa sura ya Ash-Shuaraa, inawalaumu washairi wasemao wasiyoyatenda, kisha inawatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema. Kipimo ni mwenendo wa mtu na neno lake. Anayelighani la mwenzake mbele za watu sioni kwa nini asipimwe hivyo.

Kuna pingamizi lenye nguvu. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, mkoa mmoja na Tarime na Serengeti, alifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, ikachapishwa 1963; je, anayeigiza Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, tumwite muuaji? Hapana. Lakini katika tamthilia Brutus hujibiwa. Antonio anasimama baada yake na kuyageuza maneno yote, na mtazamaji huachwa aamue kati ya wawili. Msanii wa peke yake hana Antonio. Pasipo mtu wa kumjibu marehemu pale jukwaani, jibu inabidi litoke kwake mwenyewe, la sivyo halitoki kabisa.

Wengine wataogopa kwamba mzigo huu utatufanya tuwakate washairi wakubwa vipande. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa 1858, anamwusia binti yake utii kwa mume kama njia ya kupata radhi za Mungu. Je, ubeti huo ufutwe ukighaniwa mbele ya wasichana wa Mugumu? Usifutwe. Hapa naachana na njia ya Kanisa na kushika ya mpiga litungu. Kufuta ni kumdanganya msikilizaji kuhusu marehemu, na kughani kimya kimya bila neno lako ni kumdanganya kuhusu wewe mwenyewe. Ubeti usemwe wote, kwa ufundi wote, kisha msanii anyamazishe ala na aseme yeye anasimama wapi. Watakaonung'unika kwamba onyesho limekatizwa wakumbuke kuwa mpiga litungu hukatiza kila siku, wala hakuna anayelalamika. Basi waandaaji wa maonyesho ya washairi wa kale, wanapomtafuta msanii, wasiishie kuuliza kama amehifadhi beti zote. Wamuulize pia atamjibu nini mshairi huyo.