Mkoko wa Gazi na Fidia ya Mwenye Afya

Himdi ni ya Mwenyezi Mungu aliyeiotesha miti, na sala na salamu zimshukie Mtume wake na Sahaba zake.

Yapitayo Gazi, mji mdogo wa Kwale katika pwani ya Kenya, yamezusha mas'ala ambayo wengi wa mwambao huyadhani ni ya wataalamu wa misitu tu. Mas'ala yenyewe ni haya: mtu akipanda mti, na mwingine wa mbali akamlipa kwa ajili ya mti ule, je, moshi wa yule mlipaji umesamehewa?

Afahamu msomaji asili ya jambo. Tangu mitambo ilipoanza kuendeshwa kwa makaa ya mawe, kisha kwa mafuta, imepanda angani hewa ya ukaa kwa wingi mno, nayo huzuia joto la ardhi lisitoke, kama blanketi kwa aliyelala. Mti huivuta hewa hiyo kwa majani yake, ukaigeuza gogo na mizizi. Na mkoko una fadhila ya kuzidi: majani na mizizi yake huzikwa katika tope lisilopata pumzi, yasioze upesi, hata ukaa ule ukakaa chini miaka mamia. Kwa hiyo hekta moja ya mikoko huweka ukaa mara kadhaa kuliko hekta ya msitu wa bara. Lakini mikoko ikikatwa na tope likafukuliwa, amana ile hurudi angani.

Watu wa pwani waliijua mikoko kabla ya wataalamu. Boriti za Lamu zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, na upana wa vyumba vya huko, kama vya Mombasa na Unguja, ulifuata urefu wa boriti. Biashara ile ilikuwa halali, wala haifai kuwatukana wazee. Serikali ya Kenya ilikataza kuzipeleka nje mwaka 1982. Gazi yenyewe, katika miaka ya 1970, mikoko ilikatwa kuwa kuni za viwanda, pakabaki ufuo mtupu. Tangu 1991 ikaanza kupandwa upya. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni, kwa jina la Mikoko Pamoja, wakaanza kuuza ukaa: hekta 117 zalindwa, miche yapandwa, na wanunuzi hulipa kwa kiasi cha tani 3,000 kila mwaka. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya skuli.

Kwa mpandaji hapana shaka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba mti apandao Mwislamu, kila akilacho humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yake. Wala ujira haumwondolei thawabu ikiwa nia ni safi. Mwalimu wa chuo hupokea ada, na kusomesha kwake kukabaki ibada.

Kwa mlipaji jambo si jepesi. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa kibaba kwa kila siku, kikamtosha. Kijana mwenye afya akitoa vibaba elfu na huku akila mchana, hapana mwanachuoni atakayemruhusu. Basi mwenye kiwanda awezaye kupunguza moshi wake asiupunguze, akanunua tani za Gazi na kulala usingizi, huyo ametoa fidia ya mwenye afya. Na hesabu yamshuhudia: moshi wa makaa na mafuta wa dunia wapita tani bilioni 35 kwa mwaka. Tena dhara lake humwangukia asiyeufukiza. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, matumbawe ya pwani hii yakageuka meupe na mengi yakafa, na mvuvi wa ngalawa hakuwasha hata kipande cha makaa ya mawe. Hiyo ni haki ya mja, na toba ya haki ya mja huanza kwa kuacha, ndipo yafuate malipo.

Lakini asemaye kwamba moshi si wake, kisha usiku akakata mikoko michanga kwa tanuri la chokaa, naye hana hoja. Imepokewa kwamba mwenye mche mkononi, hata Kiyama kikimkuta, aupande akiweza.

Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mti, ikaanguka kama mkuki. Huokotwa na kuchomekwa topeni maji yakiwa yamekupwa. Na huko Gazi, njia ya mbao ipitayo katikati ya mikoko yaendeshwa na chama cha wanawake.