Neno la Kulenga

Neno kulenga lilitoka kwa wawindaji likaingia katika utabibu. Paul Ehrlich wa Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, alitamani dawa iliyo mfano wa risasi ya ajabu, ipigayo ugonjwa na kuuacha mwili salama. Tamaa hiyo ndiyo iliyo nyuma ya chembe za sumaku: punje za oksidi ya chuma ambazo aghalabu upana wake ni nanomita 10, hata milioni moja zikipangwa safu moja hutimiza sentimita moja tu. Hushikizwa dawa, zikatiwa katika damu, kisha sumaku ikawekwa nje ya mwili, juu ya uvimbe, ili izivute. Mwaka 1996 matabibu wa Ujerumani walieleza jaribio lao kwa wagonjwa 14 wa saratani. Kwa nusu hivi ya watu hao chembe zilielekezwa penye uvimbe.

Walakini mwili una sheria yake. Nguvu ya sumaku hupungua upesi kwa umbali, na uvimbe uliojificha ndani hauipati sawasawa. Tena ini na wengu vina seli ambazo kazi yake ni kuokota kila kigeni kipitacho katika damu. Hizo hazijui nia ya tabibu, huzikamata chembe kama zikamatavyo vijidudu. Wataalamu wa Toronto walipokusanya mwaka 2016 taarifa za miaka 10 juu ya chembe ndogo za kila namna walizotiwa wanyama, waliona kadiri ya kati kuwa sehemu 7 tu katika 1000 ndizo zilizofika katika uvimbe.

Je, mgonjwa aambiwaye kwamba dawa yake hulenga uvimbe ameambiwa kweli? Mtetezi atasema kwamba hata mshale uliokosa ulilengwa. Jibu hilo lamfaa mrusha mshale. Mgonjwa hakuridhia nia ya mtu. Aliridhia jambo litakalotendeka mwilini mwake, na ini ni lake.

Ajabu ni kwamba chuma cha namna hiyohiyo kiliruhusiwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo. Huko kukamatwa na ini na wengu ndiko kunakotakiwa, maana seli hizo ndizo zitoazo chuma cha kujenga damu. Tendo moja la mwili huitwa kosa huku, na tiba kule.

Lau tabibu angesema, "Nyingi zitakwenda katika ini, chache katika uvimbe, na hizo chache huenda zikafaa," yamkini mgonjwa angeunyosha mkono wake kwa sindano vilevile, huku akijua kwamba ini lake limo katika mapatano.