Siku za Kukataa

Julai ikifika, viazi vya Molo, Mau Narok na Kuresoi, hapa kaunti ya Nakuru, huwa tayari karibu vyote kwa pamoja. Lori huingia shambani asubuhi, kabla mvua ya mchana haijaharibu barabara, na broka hushuka akiwa na bei yake. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa wavu juu, hujazwa tena na kushonwa kwa kamba mpaka linakuwa na kichwa cha pili. Hiyo ndiyo lumbesa, ambayo kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliipiga marufuku kwa kuweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Mkulima anaijua kanuni hiyo. Anajua pia kwamba karo ya muhula wa tatu inakaribia na kwamba mwenye duka la mbolea anamdai tangu alipopanda. Tena Shangi, aina ya viazi iliyoenea zaidi huku, haivumilii kukaa: wiki chache baada ya kuchimbwa huanza kuchipua. Basi anakubali. Hakuna aliyemshika mkono, lakini nasita kusema kwamba aliuza kwa hiari yake.

Tukizungumzia uhuru wa kifedha, ningependa tuanzie kwenye lango la shamba hilo. Picha tuliyozoea ni ya mtu aliyekwisha kuufikia: nyumba za kupangisha mtaani Milimani, gari jipya, asubuhi zisizo na kengele ya saa. Lakini uhuru hujulikana pale mtu anapowekewa jambo baya mbele yake na akaweza kusema hapana. Aliye na mali nyingi na hawezi kukataa bado yuko mikononi mwa mwingine. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na mara nyingi methali hiyo hutumiwa kumsamehe aliyekosa. Inasema zaidi ya hapo. Inatuambia kwamba hata dhamiri inahitaji akiba nyuma yake, na kwamba kabla hujamtaka mtu awe na msimamo, uliza ana chakula cha siku ngapi.

Mafundisho yanayouzwa zaidi kuhusu malengo ya fedha yana umri wa karibu miaka 90. Mmarekani Napoleon Hill, katika kitabu chake Think and Grow Rich cha mwaka 1937, alimwagiza msomaji aandike kiasi kamili cha fedha anachokitaka na tarehe ya kukipata, kisha ayasome maandishi hayo kwa sauti mara mbili kwa siku. Vizazi vya wahamasishaji vimeurudia ushauri huo, na vijana wengi wa Nakuru wameusikia kanisani, kwenye semina au kwenye simu. Sina ugomvi na kuandika. Ugomvi wangu ni na kile kinachoandikwa. Milioni tano, milioni kumi: tarakimu hiyo inatukomboa kutoka kwa nini? Haisemi. Na kwa kuwa haisemi, ikifikiwa huzaa tarakimu nyingine iliyo kubwa zaidi, na mtu hukimbia maisha yake yote akiamini kwamba uhuru uko mbele kidogo.

Aristotle aliliona jambo hili zamani. Katika kitabu cha kwanza cha Siasa alitenganisha aina mbili za kutafuta mali. Ya kwanza ni ya kuitunza nyumba, nayo ina kikomo, kwa sababu mahitaji ya nyumba yana kikomo. Ya pili ni ya kutafuta fedha kwa ajili ya fedha, nayo haina mwisho, maana hakuna kitu nje yake cha kuiambia imetosha. Mkulima wa Kuresoi angemwelewa bila kuelezwa sana. Yeye haombi utajiri usio na ukingo. Anaomba wiki tatu za kungoja bei.

Basi tuhesabu kwa wiki na siku. Tuseme nyumba fulani hutumia shilingi 300 kwa siku kwa mambo yasiyoepukika: unga, mafuta, sabuni, nauli. Mwenye nyumba akiweka kando shilingi 50 kila siku, mwaka ukiisha ana 18,250. Kwa mtazamo wa mhamasishaji hizo ni pesa ndogo, za kuonewa aibu. Zigawe kwa 300 uone: ni siku 60. Miezi miwili ambayo mtu huyo anaweza kumwambia broka arudi na lori lake tupu, au kumwambia mwajiri anayemtukana kwamba basi, imetosha. Lengo likipimwa hivi hupata kikomo, na pia hupata maana leo hii. Aliyeweka akiba ya siku kumi tayari ana uhuru wa siku kumi. Hahitaji kungoja tarehe iliyoandikwa ukutani.

Hapa kuna hoja ambayo mafundisho ya malengo huiruka. Mtazame dereva wa matatu wa Nakuru kwenda Njoro. Tangu alfajiri ana lengo lililo wazi kuliko la mtu yeyote mjini: tageti, yaani kiasi anachotakiwa kumpelekea mwenye gari. Anaijua kwa shilingi. Anaifuatilia saa kwa saa, anajua saa sita amefika wapi, anajua mvua itamkata kiasi gani. Umakini wake ungemfurahisha mwandishi yeyote wa vitabu vya kufanikiwa. Kijana wa boda boda anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine yuko vivyo hivyo. Kama lengo na umakini wa kila siku vingetosha kumweka mtu huru, hawa wangekuwa watu huru kuliko wote katika Bonde la Ufa. Hawako hivyo, kwa sababu lengo si lao. Swali la kwanza kuhusu lengo lolote ni hili: likitimia, nani analala vizuri usiku? Wengi wetu tunazo tageti ambazo hatukumbuki tulizikubali lini. Ploti inanunuliwa kwa mkopo kwa sababu rika lote limenunua ploti, na gari linaletwa ili jirani aone. Mtu anaweza kuwa na nidhamu ya ajabu katika kutumikia macho ya wengine.

Umakini wenyewe umekuwa mgumu kuliko zamani. Simu inayohifadhi akiba yako ndiyo hiyo hiyo inayokukopesha na kukualika ubeti. Huduma ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilileta vyote viwili mahali pamoja: akaunti ya kuweka akiba na mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5. Fuliza ikafuata mwaka 2019, na sasa mtu anaweza kulipia kitu ambacho hana pesa zake bila hata kusimama kufikiri. Si hoja yangu kwamba huduma hizi ni mbaya. Zimeokoa watu usiku wa manane hospitalini. Nasema kwamba zimefuta ule muda mfupi kati ya kutamani na kutumia, na katika muda huo ndimo lengo lilimokuwa likifanya kazi yake. Ndiyo maana bado naamini daftari la mazoezi, lile la kurasa 32. Mama anayeuza mboga ambaye kila jioni huandika alichouza, alichonunua na alichobakiza, halafu akachora mstari chini yake, amejirudishia ule muda. Kwa dakika tano siku yake imesimama mbele yake, na anaweza kuiuliza ilikwenda kwa nani.

Lakini nisimdanganye mtu. Kuna mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha ambaye mshahara ukiingia umekwisha kugawanywa: kodi ya chumba, chakula, pesa za watoto walioko kwa nyanya yao. Kumwambia huyo kwamba tatizo lake ni kukosa malengo ni kumtukana. Shilingi 50 za kila siku si ndogo kwake. Ni chakula cha jioni. Daftari litamwonyesha ukweli, na ukweli wenyewe utakuwa kwamba mshahara hautoshi. Kutoka hapo njia yake ya kwenda kwenye uhuru inapita kwenye chama cha wafanyakazi na meza ya majadiliano kabla ya kupita kwenye akaunti ya akiba.

Hata mkulima mwenye siku zake 60 hajamaliza. Yeye anaweza kungoja, Shangi haiwezi. Siku za kukataa zinamfaa tu akiwa na ghala la kutunzia viazi, na ghala si kitu cha mtu mmoja mwenye ekari mbili. Linahitaji watu wengi waweke pamoja, wakubaliane kujaza gunia la kilo 50 na wasimame nalo wote, maana mmoja akikubali lumbesa amewavunja wengine. Kwa hiyo lengo la kifedha la mtu mmoja, likifikiriwa hadi mwisho, linageuka kuwa swali la kuaminiana.

Na eneo hili lina kumbukumbu kali juu ya swali hilo. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu wasio na chochote walitoa shilingi zao kidogo kidogo, wakanunua hisa katika makampuni ya mashamba kama Ngwataniro na Ndeffo, ili wapate ardhi iliyoachwa na walowezi. Lengo lilikuwa moja na la wazi, na wengi walilishikilia kwa miaka. Baadhi yao walipata shamba, na wajukuu wao wanalilima hadi leo. Wengine walibaki na risiti na kesi. Wakulima wa pareto nao walifanya kila jambo ambalo vitabu vya nidhamu vinataka: walichuma ua kwa ua kwa mkono, wakaanika, wakapeleka. Kenya ikaongoza dunia kwa zao hilo, na makao ya bodi yake yakawa Nakuru mjini. Kisha malipo yakaanza kuchelewa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengi waliing'oa mimea na kupanda kitu kingine. Bidii ya mkulima ilikuwa palepale. Kilichovunjika ni upande wa pili wa ahadi.

Kutokana na hayo wako wanaohitimisha kwamba kila mtu ajitafutie peke yake. Nadhani wamekosea, na kosa hilo linawagharimu, kwa sababu mtu aliye peke yake ndiye anayependwa na broka. Kinachotakiwa ni kuupeleka ule umakini wa daftari la jioni kwenye vitabu vya pamoja. Tunaosimamia shilingi zetu kwa ukali mara nyingi tunawaachia wenyekiti shilingi zetu zilezile bila swali hata moja, tukiona kuuliza ni kukosa heshima. Sacco nyingi, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hufanya mkutano mkuu katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na watu wengi huenda kwa ajili ya soda na nauli. Safari hii nenda na kalamu. Omba hesabu zilizokaguliwa, uliza ni nani wamekopa na hawalipi, uliza ghala litajengwa lini, na usikae chini kabla hujajibiwa.