Njia Mbili na Fisi

Wahenga wameacha semi mbili ambazo zikiwekwa pamoja hazipatani. Moja husema akiba haiozi. Nyingine husema njia mbili zilimshinda fisi. Ya kwanza humsifu anayeweka cha pili kando hata kama leo hana haja nacho. Ya pili humcheka aliyepewa viwili akashindwa kuchagua. Watu wamezitumia zote bila ya kusumbuka, kwa kuwa kila moja ina pahala pake. Lakini ufundi wa kuunganisha kompyuta katika mtandao huzihitaji zote mbili kwa wakati mmoja, na ndani yake mna suala la uadilifu ambalo mafundi hulitaja kwa nadra: ni nani anayestahiki njia ya pili?

Chukua mfano wa mwalimu wa Izia, mjini Sumbawanga, juu ya nyanda za Ufipa baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Tuseme walimu wa shule mia moja nchini wanakutana kila wiki kwa njia ya kompyuta. Mmoja husema, wengine husikiliza, na yeyote anaweza kujibu. Ikiwa sauti ya msemaji itatumwa mbalimbali kwa kila msikilizaji, waya unaotoka pwani utabeba maneno yale yale mara mia. Mwaka 1991 Steve Deering, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza namna ya kuepuka uharibifu huo: neno litoke mara moja tu, na linakiliwe pale njia zinapogawanyika. Umbo linalotokea ni la mti. Kuna shina, kuna matawi, na mwisho wa kila kitawi kuna jani linalosikiliza.

Kwa nini mti na si wavu, ilhali wavu una njia nyingi na kwa hiyo ni salama zaidi? Hapa ndipo fisi anapoingia. Ujumbe unaonakiliwa kila penye njia panda, ukikuta njia inayozunguka na kurudi ulikotoka, hunakiliwa tena, na nakala zake hunakiliwa, hata waya mzima ukajaa mwangwi wa neno moja. Mtandao haufi kwa kukosa njia. Hufa kwa kuwa nazo nyingi na zote wazi. Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa Marekani, alibuni namna ambavyo mitambo yenyewe hukubaliana ni viungo vipi vifungwe ili vitakavyobaki vifanye mti. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kiungo kilichofungwa hakikatwi. Kimelala tu, na tawi likivunjika huamshwa. Fisi ameonyeshwa njia moja ya kupita, na ile nyingine imewekwa akiba.

Mti wa namna hii unaweza kuwa wa upande mmoja, kama redio: neno hushuka kutoka shinani, na jani husikia bila ya kusikika. Mwaka 1993 Ballardie, Francis na Crowcroft walipendekeza mti wa pande mbili, wenye kiini kimoja kinachotumiwa na kundi zima. Wazo hilo liliendelezwa hata likawekewa kanuni rasmi mwaka 2007. Katika mti huo jani likisema, neno lake hupanda kuelekea shinani, na kila linapopita tawi lenye wasikilizaji hushuka pia upande huo. Jirani husikia bila ya kungoja neno lifike makao makuu kwanza. Ili fisi asipotee, kila kiungo huteuliwa mtambo mmoja tu wa kupeleka ujumbe, nao ni ule ulio karibu zaidi na shina. Ukianguka, mwengine huteuliwa.

Kanuni hiyo ina jambo la ajabu zaidi. Shina si lazima liwe mtambo. Laweza kuwa anwani tupu isiyomilikiwa na mtambo wowote, ambayo wote huielekea ili wajue upi ni upande wa juu. Kwa kuwa hapana mtambo unaokaa kwenye anwani hiyo, hapana mtambo mmoja ambao kufa kwake ni kufa kwa shina. Wafipa wangeweza kulielewa jambo hili bila ya kompyuta. Roy Willis, mtaalamu Mwingereza aliyeandika historia yao mwaka 1981, ameeleza jinsi watawala wa Kitwa walivyoshika Ufipa na baadaye kuigawa katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile, wakati mkuu wa Milansi, kijiji cha kale, alibakiwa na heshima ya jadi bila ya mamlaka ya kutawala. Amri hazikupita Milansi, lakini simulizi za asili ziliendelea kuanzia hapo. Ulinganisho huu usivutwe mbali mno, maana mkuu wa Milansi alikuwa mtu na si anwani. Hata hivyo unaonyesha kuwa watu waliweza kuwa na kitovu kimoja bila ya kila kitu kupitia mkononi mwake.

Basi mti ni uwekevu. Lakini uwekevu wa nani, na kwa gharama ya nani? Anayekaa karibu na shina huzungukwa na njia nyingi hata asipoziomba, kwa sababu njia za wengine zote hupita mlangoni pake. Anayekaa mwisho wa tawi ana kitawi kimoja. Kisiwa cha Unguja kinalijua hilo kwa uchungu. Waya wa umeme uliotandikwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ndio uliokilisha kisiwa. Mwaka 2008 umeme ulikatika kwa takriban mwezi mzima. Kisha ukakatika tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, maji yakatafutwa visimani kwa ndoo, na usiku mji ukagawanyika baina ya waliokuwa na jenereta na wasiokuwa nazo. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Sumbawanga nayo, kwa miaka mingi, haikuangaziwa na gridi ya Taifa, bali na umeme uliotoka Zambia kupitia Mbala. Kisiwa na nyanda za juu, vilivyotengana kwa mamia ya kilomita, vilikuwa majani ya namna moja.

Mwenye kushika mfuko wa fedha ana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Waya wa pili hadi Izia utalala miaka mingi bila ya kazi. Fedha zake zingenunua dawa za zahanati leo, kwa mgonjwa aliyeko leo. Kumwambia mama anayemuuguza mtoto kwamba fedha zimefukiwa ardhini kwa ajili ya siku ambayo huenda isifike ni jambo zito. Na ukihesabu vichwa, fedha hizo hizo zikitumiwa karibu na shina zitawakinga watu wengi zaidi kuliko zikitumiwa pembezoni.

Ila hesabu hiyo imeshakubali kitu bila ya kukisema. Imemchukua mwalimu wa Izia kuwa msikilizaji tu, ambaye hasara ya kukatikiwa ni yake peke yake. Katika mti wa pande mbili sivyo. Kitawi kikikatika, shule tisini na tisa nazo zimemkosa yeye. Wafipa wamelima kwa muda mrefu kwa kufukia nyasi ndani ya matuta ili zioze na kurutubisha udongo. Siku somo litakapokuwa la kilimo, anayehitajiwa kusema ni yule wa Izia, na asiyemsikia huko pwani hatajua hata kwamba kuna neno alilolikosa. Hasara ya aina hii haimo katika hesabu ya vichwa kwa sababu aliyeipata haihisi.

Hata hivyo, hoja hii nayo ina hatari yake. Ikiwa Izia itapewa njia ya pili kwa sababu ina la kusema, je, kitongoji kisichokuwa na la kusema kwa wengine kiachwe gizani? Mgonjwa hapewi dawa kwa kuwa ni mshairi. Manufaa ya jani kwa mti ni sababu nzuri ya kumshawishi mshika mfuko. Haiwezi kuwa ndio msingi wa haki yenyewe. Msingi ni kwamba hakuna aliyemwuliza wa Izia kama anaridhia kukaa mwisho wa tawi. Mchoro wa mti ulifanywa na walio shinani, na hatari ikawaangukia wasiokuwapo wakati wa kuchora. Aliyeweka mzigo juu ya kichwa cha mwenziwe ili safari iwe nyepesi kwa wote ana deni kwake, hata kama mwenziwe hana kingine cha kuleta.

Deni hilo halilipwi kwa njia ya pili ya jina tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kwenye karatasi zilikuwa njia mbili, zenye majina mawili na wamiliki mbalimbali. Chini ya bahari zilipita pahala karibu pamoja. Aliyelipia zote mbili alidhani amenunua akiba.

Wala haitoshi njia ziwe mbali. Iliyolala lazima ichunguzwe, isije ikaamshwa siku ya haja ikakutwa imekufa zamani. Kanuni ya mti wa pande mbili huiamuru mitambo kusalimiana na majirani zake, kwa kawaida kila sekunde 30. Sekunde 105 zikipita bila ya salamu, jirani huhesabiwa hayupo na njia nyingine hutafutwa. Salamu hiyo hutolewa hata pasipokuwa na ujumbe wowote wa kupeleka, na mtambo wa jani huitoa na kuipokea sawasawa na ule ulio karibu na shina.