Nimetuma Kama Nilivyopokea

Kuna maneno matatu ambayo siku hizi hugongwa chini ya jumbe za simu zetu kama mhuri: Nimetuma kama nilivyopokea. Unaletewa habari kwamba daraja limebomoka, benki inafungwa, mtu mashuhuri ameaga dunia, unga fulani una sumu. Chini yake, maneno hayo. Maana yake tunaijua sote. Ikiwa ni kweli, mnishukuru. Ikiwa ni uongo, mimi simo.

Nataka tuulizane kama kweli mtu huyo hayumo.

Ukimbana atakwambia, "Kwani mimi ni nani? Mimi ni kama posta tu." Lakini hebu tumtazame mtu wa posta. Yeye hafungui bahasha. Hachagui. Anapeleka zote, kila moja kwa mwenyewe. Wewe asubuhi ya leo pengine umepokea jumbe hamsini. Arobaini na tisa umeziacha zikalala, moja ukaishika. Tena ukachagua pa kuipeleka: grupu ya chama sawa, grupu ya familia sawa, ya kazini hapana, maana huko kuna wajuaji watakuuliza umeitoa wapi. Mwenye kuchagua hivyo si posta, ni mhariri. Amekuwa mhariri bila kuajiriwa, na bila mkubwa wa kumuuliza, "Una hakika?"

Sisi tuliokula chumvi kidogo tunakumbuka wakati habari zilikuwa na saa zake. Betri za redio zilianikwa juani mchana ili jioni zisitutupe. Ikifika saa ya taarifa, watoto walinyamazishwa, hata mgeni alikatiza hadithi yake. Na msomaji alijitaja jina. Hilo jina halikuwa pambo. Lilikuwa na maana kwamba kuna mtu fulani, ana sauti unayoijua, na kesho atarudi hapo hapo, ukitaka kumlaumu.

Si ati redio ile haikuwa na makosa yake. Miaka mingi taarifa ya habari ilianza na Rais, alikokwenda na alichosema, hata kama siku hiyo nchi ilikuwa na mambo mengine mazito. Gazeti nalo lilikuwa na mwenye nalo. Ndiyo maana blogu zilipokuja, kisha Facebook na WhatsApp, watu walizipokea kama mvua baada ya kiangazi. Mwaka 2024 tuliona vijana wakiusoma Mswada wa Fedha na kuufafanulia wenzao kwenye TikTok na X, wengine kwa lugha za nyumbani. Ukubali walichotaka au usikubali, ni miswada mingapi ya aina hiyo ilipita zamani bila wengi wetu kujua imeandikwa nini? Hao walibeba habari baada ya kuisoma. Mimi sina vita na simu.

Lakini turudi kwenye yale maneno matatu. Kuna Mkenya mmoja aliyekuwa na haki ya kuyasema. Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, tulimjua kwa kipindi cha Je, Huu ni Uungwana?, kilichoanza mwaka 1966. Alfajiri ya Agosti 1, 1982, wanajeshi waasi wa kikosi cha anga walimchukua nyumbani kwake wakampeleka Sauti ya Kenya, akatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Alitangaza yasiyokuwa yake, mbele ya watu wenye bunduki. Huyo akisema alisoma alichopewa, nani atamlaumu?

Sasa niambie, wewe ulipotuma ile habari ya juzi, bunduki ilikuwa wapi?

Kuna uongo mwepesi ambao tunaucheka baadaye. Siku za mwanzo za korona, mwaka 2020, sehemu za magharibi ya nchi watu waliamshana usiku wa manane kunywa chai ya turungi bila sukari, eti ni kinga. Mtu alipiga simu kwa ndugu, ndugu akapigia shangazi, mpaka vijiji vikawasha moto usiku. Turungi haikumuumiza mtu, ni usingizi tu ulipotea. Ila kuna habari nyingine ambazo ni za kweli kabisa, na bado kuzituma ni ukatili. Nazungumzia habari za msiba.

Kwetu kifo kilikuwa na namna ya kutangazwa. Walitumwa watu wazima wawili au watatu. Walifika, wakaketi, wakaomba maji ya kunywa. Waliuliza nani mwingine yuko nyumbani. Mama mwenye shinikizo la damu alikalishwa kwanza, na mtu wa kumshika alikaa karibu. Leo ajali ikitokea barabarani, kabla majeruhi hawajatolewa kwenye matatu, picha imeshafika kwenye magrupu matano, na nambari ya gari inasomeka. Mke yuko sokoni, simu inalia, anaona koti alilompigia mumewe pasi asubuhi. Aliyetuma hakusema uongo. Ameiba tu nafasi ya wale wazee watatu.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 18, kuna kijana anaitwa Ahimaasi, mwana wa Sadoki, hodari wa mbio. Vita vimekwisha, Absalomu amekufa, na Ahimaasi anaomba ruhusa ampelekee mfalme Daudi habari. Yoabu anamkataza, kwa sababu mwana wa mfalme amekufa. Yoabu anamtuma Mkushi. Ahimaasi hatulii, anasumbua mpaka anaachiliwa, anashika njia ya bondeni na kumpita Mkushi. Anafika wa kwanza, anatangaza ushindi. Daudi anauliza swali moja tu, la baba: kijana yu salama? Hapo mwenye mbio anakosa jibu. Anasema aliona ghasia kubwa, hakujua ni nini. Anaambiwa asimame kando.

Ukisoma utaona Yoabu alikuwa amemwambia waziwazi. Kwa hivyo huyu kijana alikuwa na mbio na alikuwa na habari. Alichokosa ni kutaka kubeba uzito wake. Alitaka kuonekana amefika wa kwanza, ile sehemu ngumu aiache kwa mwingine. Je, si ndiyo hiyo "nimetuma kama nilivyopokea"?

Na tuseme ukweli, sisi watu wa kanisa tuna aina yetu. Yetu inaanza hivi: "Wapendwa, tumwombee dada fulani, nasikia ndoa yake…" Ombi ni zuri. Lakini kama yule dada hajui kwamba anaombewa, na grupu ina watu mia mbili, hapo kilichosambazwa ni nini?

Mtu atanijibu kwamba nikingoja hakika, watu watakufa. Hoja hiyo siipuuzi. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya yalipasuka na kuteremka kuelekea Mai Mahiu, yakawakuta watu usingizini, na makumi wakaangamia. Ukiona maji yanapanda mtoni kwenu, piga kelele kwanza, vipimo baadaye. Lakini angalia tofauti. Anayepiga kelele ya mafuriko anasema alichoona kwa macho yake, na mahali alipo. Ukimpigia simu atashika.

Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Simu zilikuwa na kazi mbili. Kwa upande mmoja zilisambaza jumbe fupi za chuki dhidi ya makabila. Kwa upande mwingine, mwanasheria Ory Okolloh alitoa wito kwenye blogu yake, na wenzake wajuzi wa kompyuta wakatengeneza kwa siku chache ramani ambapo raia aliweza kuripoti alichokiona, wapi na lini, na waliopokea wakajaribu kuthibitisha. Waliita kazi hiyo Ushahidi. Simu zilikuwa zile zile na haraka ilikuwa ile ile. Shahidi huulizwa ulikuwa wapi. Mvumishaji hakuna anayemuuliza, ameshapiga mhuri wake.

Wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari. Mwaka 2018 huko India, jumbe za kudai wageni wanaiba watoto zilifanya makundi ya watu kuwaua wasio na hatia. Kampuni ikaanza kuweka alama kwenye ujumbe uliotumwa tena, na kuanzia Januari 2019 ikatuwekea kikomo kote duniani: ujumbe mmoja, magrupu matano kwa mara moja. Matano bado ni watu wengi. Na ile picha ya kijana, "huyu ni mwizi wa watoto, akionekana mnajua la kufanya," sijui ni mtaa gani hapa kwetu ambao haijapita.

Gazeti likikosea huchapisha masahihisho, hata kama ni kwa herufi ndogo kwenye kona. Ile siku ya 1982, redio ile ile iliyotangaza mapinduzi ndiyo iliyotangaza kwamba yameshindwa, kwa masikio yale yale. Mtu wa grupu akigundua alichotuma ni uongo hufanya nini? Anafuta. Kinabaki kimstari kwamba ujumbe umefutwa. Waliousoma wameshausoma, na wameshaupeleka kwingine.

Kufuta si kusahihisha. Deni ni kurudi kwenye magrupu yale yale na kuandika kwa jina lako: ile niliyotuma jana kuhusu kijana wa picha si kweli, aliyeipeleka mbele awaambie. Utaniambia haitasambaa kama ule uongo. Najua haitasambaa. Lakini mama yake yule kijana hangoji isambae Kenya nzima. Anangoja grupu ya pale mtaani kwao, kabla mwanawe hajatoka kazini saa kumi na mbili.