Dereva Aliyekufa Mkekani



Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikaa na vijana wetu wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera kwenye mkeka, kivulini mwa mathenge. Walikuwa na mchezo wao: mmoja ni msimulizi, kila mmoja wa wengine ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi ya daftari, na panapotokea jambo la mashaka, dadu ya ludo ndiyo huamua. Asili ya michezo hii ni Marekani, ambako Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Kule wahusika hupigana na mazimwi. Hapa kwetu, kijana mmoja alikuwa dereva wa lori.

Niliisoma karatasi yake. Jina, umri, nguvu, lori la magurudumu kumi, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: "Haulizwi kibali." Anayeishi hapa ameshaelewa. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992, kijana huyu amezaliwa humu humu, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri. Dereva wake alikuwa amevuka daraja la Tana pale Garissa mara nne. Safari ya tano majambazi wakamvamia, dadu ikaangukia moja, akafa.

Kimya kikatanda. Msimulizi akasema, "Haya, andika mwingine tuendelee." Nami nikaongeza, "Usijali mwanangu, ni mchezo tu." Kijana akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akachukua mtungi na kwenda bombani. Hakuna aliyekuwa amemtuma maji.

Neno langu lile limenikosesha raha wiki nzima.

Nabii Nathani alipomwendea Daudi alimpelekea kisa cha maskini na mwanakondoo wake mmoja. Mwanakondoo yule hakuwahi kuzaliwa wala kuchinjwa, alikuwa wa maneno matupu, lakini mfalme aliwaka hasira kana kwamba damu yake iko pale sakafuni. Kwa kiumbe cha hadithi Mungu aliufikia moyo ambao huenda mashtaka ya wazi yasingeufikia. Na kabla ya kufika kwenye kaburi la Lazaro, Yesu alijua kwamba muda si mrefu rafiki yake atatoka akitembea kwa miguu yake. Alilia hata hivyo. Nimehubiri kisa hicho miaka mingi, na uzito wa machozi yale nimeuona juzi tu, karatasi ikikunjwa. Ikiwa kifo cha kutenguliwa saa ile ile kilimliza Bwana, mimi ni nani nimpimie kijana huzuni yake? Alichopoteza ni mtu pekee aliyemjua ambaye haulizwi kibali.

Wenye michezo hii wenyewe wamelifikiria jambo hili. Katika kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014, mhusika aliyeishiwa nguvu kwa kawaida hafi papo hapo. Hurusha dadu ya pande 20, zamu baada ya zamu, na akifaulu mara tatu kabla ya kushindwa mara tatu, amenusurika. Katikati ya mirusho hiyo wenzake wana nafasi ya kumkimbilia. Sisi hatukumpa dereva hata pumzi moja.

Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa kambini, wakifiwa hujiwa na watu siku 3, wanakaliwa, wanaombewa. Hakuna anayemwambia mfiwa siku ya kwanza atafute mwingine.

Basi vijana wangu, nawaomba. Kabla ya kuanza, kubalianeni kama wahusika wanaweza kufa. Akifa mmoja, wekeni dadu chini. Mwenye karatasi aulizwe mtu wake alikuwa akienda wapi na nani alikuwa akimngoja, kisha kila mmoja aseme anachokumbuka juu yake. Asiachwe pembeni akiwatazama wengine wakicheza: mpeni nafasi ya kuwa askari wa darajani, au mwenye hoteli ya njiani, mpaka atakapokuwa tayari kuandika jina jipya. Na asipotaka kuandika siku hiyo, msimharakishe.

Jumapili hii nitakuja mapema. Nina msamaha wa kumwomba kijana wetu, kisha nitamuuliza lori lile lilikuwa limebeba nini.