Mkono wa Kambi

Husemwa kwamba fulani ana mkono wa kutoa, kana kwamba amezaliwa nao, kama alivyozaliwa mrefu au mfupi. Nami niliamini hivyo mpaka niliposoma habari za asali ya Wahadzabe.

Mwaka 2010 watafiti walizunguka kambi 17 za watu hawa wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Watu wazima zaidi ya 200 walipewa mirija ya asali, na asali ndicho chakula wanachokipenda kuliko vyote. Kila mmoja aliamua: abaki nayo, au aitie katika fungu la kambi, ambako ingeongezwa kisha igawanywe. Ikaonekana watoaji wako na watoaji, wachoyo na wachoyo. Ungedhani wamechaguana. Lakini kambi za Wahadzabe huvunjika na kuundwa upya kila mara, na watafiti waliporudi katika miaka sita iliyofuata waliona kwamba mtu yuleyule, akiwa na wenzake wapya, hutoa kama wanavyotoa wao.

Mwaka 2006 mwanahisabati Martin Nowak na wenzake walikuwa wameonyesha jambo la jirani na hili kwa hesabu. Pale watu wanapoiga majirani waliofanikiwa, kusaidiana hustawi iwapo faida ya msaada, ikigawanywa kwa gharama yake, inazidi idadi ya majirani wa kila mtu. Ukiwa na majirani watatu wanaosaidiana, unachotoa kinarudi upesi. Wakiwa mia, wengi wanapokea na kunyamaza. Ndiyo maana, nadhani, upatu wa akina mama kumi wa mtaa mmoja hudumu, ilhali kundi la WhatsApp la mchango wa harusi lenye watu 200 hujaa ahadi.

Je, basi mtoaji hastahili sifa, ikiwa mkono ni wa kambi? Swali hili limenisumbua sana. Ila kambi si kitu kingine zaidi ya watu walioketi pale. Jioni mgeni anapotua mzigo wake, hutazama kwanza nani anampa nani nyama, na anayetazamwa ni mimi niliyekaa karibu na moto, kipande kikiwa bado mkononi.